Gécamines: Nchi Ilipomiliki Mgodi Bila Kuutawala

Mwaka 1986 migodi na viwanda vya Gécamines, kampuni ya serikali ya Zaire, vilitoa tani 476,000 za shaba. Kampuni hiyo ilikuwa ikiingiza zaidi ya nusu ya fedha za kigeni za nchi, ikiajiri watu zaidi ya 30,000, na kuendesha hospitali, shule na mashamba katika ukanda wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi. Miaka saba tu baadaye uzalishaji ulikuwa umeshuka chini ya tani 50,000. Madini hayakuwa yameisha. Leo ardhi hiyohiyo inatoa karibu tani milioni 3 kwa mwaka, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kama Zaire inavyoitwa sasa, ni ya pili duniani kwa kuzalisha shaba, nyuma ya Chile. Historia ya Gécamines inastahili kusomwa na kila raia wa nchi yenye madini, kwa sababu inaonyesha jinsi serikali inavyoweza kuwa na hisa zote za mgodi na bado isiwe na sauti juu ya soko lake, mapato yake wala mustakabali wake.

Kabla ya 1906: shaba ya wenyeji

Muda mrefu kabla ya Wazungu kufika Katanga, mkoa wa migodi hiyo, wenyeji walikuwa wachimbaji na wayeyushaji hodari. Kiangazi kilipoingia na mavuno kumalizika, Wasanga na majirani zao walipanda vilimani kuchimba malakiti, jiwe la kijani lenye shaba ndani yake. Walijenga matanuru kwa udongo wa vichuguu, wakayachochea kwa makaa na mivukuto, kisha wakamimina shaba iliyoyeyuka kwenye kalibu za umbo la msalaba. Misalaba hiyo, iliyoitwa handa, ilikuwa fedha ya kununulia bidhaa na kulipia mahari, na ilisafiri mbali sana na mahali ilipotengenezwa. Mafundi wenyewe walijulikana kama walaji wa shaba. Kazi yao ilikuwa na siri na miiko, ikirithishwa ndani ya vyama vyao.

Utajiri huo ndio uliomvuta Msiri. Baba yake, Kalasa, alikuwa mfanyabiashara wa shaba kutoka Usumbwa, magharibi mwa Tanzania ya leo. Mtoto akafuata njia ya baba, lakini hakurudi nyumbani: alijenga dola ya Wayeke yenye makao yake Bunkeya, akafanya biashara ya shaba, pembe za ndovu na watumwa na misafara ya pande mbili, ya Bahari ya Hindi na ya Angola. Mwaka 1891 Mfalme Leopold II wa Ubelgiji aliharakisha kuitwaa Katanga kabla Waingereza hawajaitwaa wao. Msafara wa Kapteni William Stairs uliondoka Bagamoyo na wapagazi wa pwani, ukaingia Bunkeya mwezi Desemba. Msiri alikataa kupokea bendera ya Leopold, na tarehe 20 Desemba alipigwa risasi na kuuawa. Mwaka uliofuata mwanajiolojia Jules Cornet alipima miamba ya Katanga, na ripoti zake zikathibitisha kwamba shaba ya pale ilikuwa nyingi kupita kiasi.

1906–1931: reli, tanuru na utafutaji wa watu

Shaba nyingi haina faida isipofikishwa bandarini. Kwa sababu hiyo kampuni iliyoundwa tarehe 28 Oktoba 1906, Union Minière du Haut-Katanga, ilikusanya pamoja waliokuwa na ardhi, waliokuwa na fedha na waliokuwa na njia. Ardhi ilitoka kwa Kamati Maalumu ya Katanga, chombo kilichosimamia mkoa kwa niaba ya dola ya Leopold na wawekezaji. Fedha zilitoka Société Générale, kampuni kubwa ya mitaji ya Brussels. Njia na utafiti wa madini vilitoka Tanganyika Concessions ya Mskoti Robert Williams, ambaye reli yake ya kutoka kusini, kupitia Rhodesia, ilifika Elisabethville (Lubumbashi ya leo) mwaka 1910. Tarehe 30 Juni 1911 tanuru la Lubumbashi lilitoa shaba yake ya kwanza. Mwaka huo ulitoa karibu tani elfu moja. Kufikia 1930 kampuni ilikuwa inazalisha takriban tani 139,000, ikiwa na kiwanda cha Shituru, Jadotville (Likasi ya leo), kilichosafisha shaba kwa umeme wa maporomoko ya Mto Lufira. Mwaka 1931 reli ya Benguela ilikamilika, na kwa mara ya kwanza shaba ikawa na njia fupi ya kufika Bahari ya Atlantiki kupitia Lobito.

Kikwazo kikubwa kilikuwa watu. Katanga ilikuwa na wakazi wachache, na waliokuwepo hawakuona sababu ya kuacha mashamba yao kwa ujira mdogo. Kuanzia 1910 ofisi maalumu ya uandikishaji ilipeleka mawakala vijijini, na kodi ya kichwa ikawasukuma wanaume kuitika. Walikufa kwa wingi katika makambi ya mwanzo, kwa nimonia, kuhara damu na homa ya mafua. Waliosalia walihesabu miezi ya mkataba na kurudi kwao. Kampuni ilitafuta watu Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo), Kasai na Lomami, na katikati ya miaka ya 1920 ikageukia Ruanda-Urundi (Rwanda na Burundi za leo).

Watu hao hawakuwa na lugha moja. Kiswahili, kilichokwisha kuingia eneo hilo kwa misafara ya biashara, ndicho kilichokuja kutumika kati ya mnyapara na kibarua, kisha kati ya jirani na jirani, na hatimaye kati ya mama na mtoto. Kiswahili cha Lubumbashi cha leo kilikomaa katika makambi ya shaba.

1928–1941: kambi kama malezi

Mwishoni mwa miaka ya 1920 viongozi wa Union Minière walifikia hesabu mpya: ilikuwa nafuu kumtunza mfanyakazi mmoja kwa miaka mingi kuliko kuwaandikisha watano wa miezi sita sita. Walianza kutoa mikataba ya miaka mitatu na kuwaruhusu wanaume waje na wake zao, hata kuwahimiza waoe. Daktari Léopold Mottoulle alikuwa mmoja wa wasanifu wa sera hiyo. Kampuni ilitoa nyumba, posho ya unga na maharage, zahanati, kliniki za wajawazito, na shule zilizoendeshwa na wamisionari. Vifo vilipungua na familia zikaongezeka. Lengo halikufichwa: mtoto wa mfanyakazi alelewe awe mfanyakazi.

Malezi hayo yalikuwa na gharama yake. Kampuni ilijua nani amelala nyumba gani, nani amekunywa pombe, mke wa nani amekosa kliniki. Ilimpa mfanyakazi kila kitu isipokuwa sauti. Ukweli huo ulidhihirika Desemba 1941. Vita vya Pili vya Dunia vilikuwa vimepandisha bei za vitu na kuongeza kazi, huku ujira ukibaki palepale. Wafanyakazi waligoma Jadotville na Elisabethville. Tarehe 9 Desemba walikusanyika katika uwanja wa michezo wa Elisabethville, na kiongozi wao, karani Léonard Mpoyi, akakataa kuwaamuru watawanyike. Askari walifyatua risasi. Mpoyi aliuawa pamoja na makumi ya wenzake. Baadaye ujira uliongezwa, lakini damu ile ilibaki katika kumbukumbu ya mji.

Wakati huohuo mgodi mwingine wa kampuni, Shinkolobwe, ulikuwa unaingia katika historia ya dunia. Urani yake ilikuwa bora kuliko nyingine zilizojulikana. Mkurugenzi Edgar Sengier alikwisha kusafirisha takriban tani 1,200 za mawe hayo hadi New York, na Marekani ikazitumia katika kutengeneza mabomu ya kwanza ya atomiki. Wachimbaji wa Shinkolobwe hawakuambiwa walichokuwa wakichimba ni cha nini.

1960–1963: mgodi unapigania upande

Siku chache kabla Kongo haijapata uhuru tarehe 30 Juni 1960, Ubelgiji, mtawala wake wa kikoloni, iliivunja Kamati Maalumu ya Katanga. Tendo hilo lilionekana la kiofisi, lakini hisa za kamati hiyo ndizo ambazo zingeipa serikali mpya ya Kongo kura nyingi kuliko mwanahisa mwingine yeyote wa Union Minière. Kuvunjwa kwake kuliigawa nguvu hiyo kabla Waziri Mkuu Patrice Lumumba hajaishika.

Tarehe 11 Julai kiongozi wa mkoa huo, Moïse Tshombe, alitangaza Katanga imejitenga. Union Minière ililipa kodi na mirabaha yake Elisabethville badala ya Léopoldville (Kinshasa ya leo), na fedha hizo ndizo zilizolipa mishahara ya watumishi na askari wa Tshombe, wakiwemo mamluki. Lumumba aliuawa katika ardhi ya Katanga tarehe 17 Januari 1961. Majeshi ya Umoja wa Mataifa yalikomesha kujitenga Januari 1963. Viongozi wa Kongo walibaki na funzo moja ambalo hawakulisahau: anayepokea mapato ya shaba anaweza kuunda nchi au kuivunja.

1967: kutaifisha

Joseph Mobutu alitwaa madaraka Novemba 1965. Mwaka 1966 sheria iliyojulikana kwa jina la mbunge Bakajika ilirudisha ardhi na madini yote mikononi mwa dola, kisha Mobutu akaitaka Union Minière ihamishie makao yake makuu Kongo kabla ya mwaka mpya. Kampuni ilikataa. Siku ya kwanza ya mwaka 1967 ilipoingia, mali zake nchini zilikuwa zimetwaliwa na kampuni ya taifa, Gécomin, ambayo mwanzoni mwa miaka ya 1970 ilipewa jina la Gécamines.

Wananchi walishangilia, na walikuwa na sababu. Lakini Union Minière ilitishia kuwashtaki wote watakaonunua shaba ya Kongo. Wahandisi karibu wote walikuwa Wabelgiji, sehemu kubwa ya usafishaji wa mwisho ilifanyika Hoboken, Ubelgiji, na wanunuzi walijulikana kwa majina na mafaili yaliyokuwa Brussels. Wiki chache tu zilitosha kuirudisha serikali mezani. Februari 1967 serikali ilisaini mkataba na Société Générale des Minerais, dada wa Union Minière, ili isimamie uendeshaji na iuze shaba. Makubaliano ya 1969 yaliongeza fidia: asilimia 6 ya thamani ya uzalishaji kwa miaka 15.

Hapo ndipo historia yote iliyofuata ilipopinda. Taifa lilipata migodi, viwanda, makambi na deni la matarajio ya watu wake, huku mauzo, usafishaji na utaalamu vikibaki kwa waliokuwa navyo. Kosa halikuwa kutaifisha. Miaka saba ilikuwa imepita tangu uhuru bila kuandaliwa wahandisi, wahasibu na wauzaji wa kutosha wa kuipokea kampuni siku ile.

1967–1974: miaka ya shibe

Bei ya shaba ilikuwa nzuri na uzalishaji ukapanda hadi takriban tani 470,000 mwaka 1974. Zaire, kama nchi ilivyoitwa tangu 1971, ilikuwa pia mzalishaji mkuu wa kobalti duniani. Mkoa wa Katanga wenyewe ukaitwa Shaba. Wazaire walipanda vyeo hadi ukurugenzi, na Chuo Kikuu cha Lubumbashi kikatoa wataalamu. Gécamines ilirithi desturi zote za Union Minière na kuzipanua: posho, matibabu hadi uzeeni, shule, karo, jeneza la maziko. Kijana aliyeajiriwa Gécamines alihesabiwa kuwa amejenga nyumba ya ukoo mzima.

Mwaka 1974 serikali iliunda SOZACOM, shirika la kuuza madini, ili kuondoa biashara hiyo mikononi mwa Wabelgiji. Hatimaye soko lilikuwa la taifa. Lakini fedha za mauzo sasa zilipita kwa watu wa ikulu kabla ya kufika mgodini, na kiasi kilichofika kikazidi kupungua.

1974–1989: mgodi unakula akiba yake

Mapigo yalikuja kwa kufuatana. Kuanzia katikati ya 1974 bei ya shaba ilianguka hadi chini ya nusu yake. Mwaka 1975 vita vya Angola viliifunga reli ya Benguela. Shaba ililazimika kusafiri kwa treni hadi Ilebo, kwa matishari hadi Kinshasa, kisha treni tena hadi Matadi. Nyingine ilikwenda kusini hadi Afrika Kusini, au mashariki hadi Dar es Salaam, kwa reli ya Zambia na TAZARA au kwa meli kutoka Kalemie hadi Kigoma. Kila upakuaji uliongeza gharama na upotevu. Mwaka 1977 na 1978 wapiganaji kutoka Angola waliivamia Shaba, na Kolwezi ikatekwa. Mafundi wengi wa kigeni walikimbia.

Serikali ilikuwa imekopa mabilioni kwa dhamana ya shaba. Njia ya umeme ya kilomita zaidi ya 1,700 kutoka Inga hadi Kolwezi ilikamilika mwaka 1982 baada ya kuchelewa sana na kupita makisio, ilhali upanuzi wa migodi uliopangwa kuutumia umeme huo ulikuwa umesimama. Madeni yalilipwa kwa fedha za Gécamines, na kampuni ikanyimwa hata za vipuri.

Hasara mbaya kuliko zote haikuonekana katika takwimu za uzalishaji. Katika mgodi wa wazi, kabla ya kufikia mawe yenye shaba ni lazima kuondoa mamilioni ya tani za udongo na miamba ya juu. Meneja asiye na fedha anaweza kuacha kuondoa udongo huo na kuchimba tu shaba iliyokwisha kufunuliwa. Kwa miaka kadhaa tani zitabaki zilezile, hata zitaongezeka. Gécamines ilifanya hivyo. Rekodi ya 1986 ilifikiwa kwa mitambo iliyochakaa na mashimo ambayo kesho yake haikuwa imeandaliwa, mfano wa mkulima anayekula mbegu.

1990–1997: kuporomoka

Septemba 1990 sehemu ya mgodi wa chini ya ardhi wa Kamoto, Kolwezi, mojawapo ya nguzo za kampuni, ilianguka. Mwaka 1991 askari wasiolipwa walipora miji ya Zaire, na wataalamu wa kigeni waliobaki wakaondoka. Kisha siasa zikafanya kilichobaki. Kuanzia 1992, Shaba ikiwa chini ya gavana Gabriel Kyungu wa Kumwanza, watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa mkoani. Wengi walikuwa watoto na wajukuu wa wale walioletwa na Union Minière, na miongoni mwao walikuwamo mafundi na makarani wa Gécamines kwa maelfu. Familia zililala kwenye stesheni za Likasi na Kolwezi kwa wiki na miezi zikingoja treni, na watoto wakafa humo. Kampuni ilipoteza ujuzi wa vizazi viwili. Mgodi wa Kipushi ulifungwa mwaka 1993.

Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi aliandika kitabu ambacho jina lake linawataja wana wa Shaba walioachwa na baba yao. Mishahara ilikoma, na posho ikakoma nayo. Wanawake ndio walioendelea kulisha nyumba kwa kuuza mandazi, makaa na dagaa sokoni, na baba aliyezoea kurudi na mfuko wa unga akapoteza heshima yake kwa watoto.

1997–2010: migodi yagawanywa

Kiongozi wa waasi Laurent-Désiré Kabila alimwondoa Mobutu Mei 1997 na mwaka uliofuata akaingia vitani. Gécamines iliwekwa chini ya Billy Rautenbach, mfanyabiashara wa Zimbabwe, nchi iliyokuwa ikimsaidia Kabila kijeshi, kisha chini ya George Forrest, mfanyabiashara wa Katanga aliyekuwa na migodi yake mwenyewe. Mwaka 2002 sheria mpya ya madini, iliyoandaliwa kwa msaada wa Benki ya Dunia, ilifungua milango kwa wawekezaji. Mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000, wengi wakidai mishahara ya miaka, waliondolewa kwa mpango ulioitwa wa hiari. Walipewa kiasi kilicholipwa mara moja, na wengi wao wamelalamika tangu hapo kwamba hakikufikia haki yao.

Vitalu bora vilikwenda kwa kampuni za ubia: Tenke Fungurume, Kamoto, Mutanda na nyingine nyingi. Katika ubia wa Sicomines wa 2008, kampuni za China zilichukua asilimia 68 na Gécamines asilimia 32, kwa ahadi ya barabara na hospitali. Serikali ilipoipitia upya mikataba zaidi ya 60 kuanzia 2007, ilikuta mingi imetiwa saini wakati wa vita na miaka iliyofuata, na taifa likiwa limeachiwa sehemu ndogo.

2010 hadi sasa: mwenye hisa anayedai haki yake

Gécamines iligeuzwa kuwa kampuni ya kibiashara ambayo hisa zote ni za serikali. Uzalishaji wake yenyewe umebaki mdogo. Kinachoiweka hai ni mirabaha, gawio na malipo ya kuingia ubia. Mwaka 2017 taasisi ya Carter Center ilieleza kuwa dola milioni 750 za mapato ya kampuni hiyo ya miaka 2011 hadi 2014 hazikuweza kufuatiliwa kwa uhakika hadi kwenye hesabu zake. Palipo na shimo kama hilo, hata mkataba mzuri hauwezi kumnufaisha raia.

Yapo pia mabadiliko ya kutia moyo. Sheria ya madini ya 2018 ilipandisha mirabaha. Mwaka 2023 mgogoro na kampuni ya CMOC ya China kuhusu akiba ya madini ya Tenke Fungurume ulimalizika kwa Gécamines kuahidiwa dola milioni 800. Mkataba wa Sicomines ulirekebishwa mwaka 2024. Na kampuni sasa inadai haki ya kuuza yenyewe sehemu yake ya shaba inayotoka kwenye migodi ya ubia, jambo lilelile lililoikwamisha mwaka 1967.

Historia ya miaka zaidi ya 100 imekwisha kutoa hukumu yake. Union Minière iliitawala shaba ya Katanga kwa kulidhibiti soko na kumnyima mchimbaji sauti. Utawala wa Mobutu ulilitwaa soko na kuuacha mgodi ufe njaa. Mikataba ya vita iligawa migodi bila raia kujua. Katika vipindi vyote vitatu, bendera iliyopepea kiwandani haikuamua chochote. Walioamua ni wale waliopokea fedha bila kuulizwa. Kwa hiyo Mkongomani, na kila raia ambaye serikali yake ina hisa katika mgodi, anapaswa kudai majibu ya maswali matatu kila mwaka, kwa maandishi na hadharani: nani ameuza madini yetu na kwa bei gani, kiasi gani kimerudishwa mgodini, na wazee waliochimba wamelipwa lini.